Kamera ya mamilioni, skrini ya kubahatisha

Wakikutana wapiga picha wa harusi, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye kamera. Nani kahamia Sony, nani kabaki na Canon, lenzi ipi inastahimili giza la ukumbi, taa ipi ya kununua na ipi ya kuazima. Bei zinatajwa bila kigugumizi, maana waliozilipa wanaujua uchungu wake: mkopo, mchezo wa kikundi, malipo ya msimu mzima wa harusi. Kisha uliza picha hizo zinahaririwa kwenye skrini gani. Jibu ni fupi: kwenye laptopu. Laptopu gani? Hiyo hiyo ya kila siku.

Naamini hapo ndipo kazi yetu inapovujia. Kamera inakusanya mwanga tu. Anayeamua uso uwe na wekundu kiasi gani, kivuli kifunguke hadi wapi, shela jeupe libaki na nyuzi zake au lipotee kwa weupe, ni mtu aliyekaa mbele ya kioo usiku wa manane, na anaamua kwa kile anachokiona. Kioo kikimdanganya, ataharibu kwa nia njema kabisa, na uharibifu huo ataunakili kwenye picha mia kadhaa za shughuli moja kwa kubofya mara moja.

Studio za zamani hazikuwa na tatizo hili. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930, na mafundi wa rika lake kote pwani, waliitazama picha ikiibuka kwenye karatasi ndani ya beseni la dawa, na karatasi hiyo hiyo ndiyo iliyokabidhiwa mteja. Alichokiona fundi ndicho alichokiona mwenye picha. Ilipokuja picha ya rangi, filamu zikapelekwa labu kusafishwa, na mwendesha mashine akawa ndiye mwamuzi wa rangi. Leo uamuzi umerudi mikononi mwa mpiga picha, lakini kati yake na mteja kumeingia kioo, na kioo hicho tumekinunua bila kukiuliza swali hata moja.

Wanaoumia kwanza ni watu wenye ngozi kama zetu, na hili halina miujiza. Katika picha ya kawaida kila rangi ya msingi ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Uso mweusi uliopigwa karibu na dirisha, upande ule wa kivulini, unaweza kuishi wote chini ya ngazi ya 60. Huko chini ndiko kuliko na mstari wa taya, kina cha jicho, wekundu wa chini ya ngozi unaomtofautisha mweusi wa kung'aa na maji ya kunde. Na huko chini ndiko skrini ya bei rahisi inakoshindwa: ngazi ishirini za mwanzo inazifanya giza moja. Mhariri akiona shavu limezama, anavuta vivuli juu. Anavuta tena. Kwenye kioo chake uso umepata uhai, ila ndani ya faili umepauka na umeota jivu.

Siku ya kukabidhi albamu mama wa bibi harusi anafungua ukurasa wa tatu, anausogeza kwenye mwanga wa mlangoni, ananyamaza. "Baba, huyu mbona amekuwa wa kijivu hivi? Mwanangu ni maji ya kunde." Kijana mpiga picha anajibu kwa adabu, "Mama, kwenye kompyuta yangu yuko sawa kabisa." Wala hasemi uongo. Kwenye kompyuta yake yuko sawa.

Historia inatuongezea uzito. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, mashine za kuchapia picha za rangi zilisawazishwa kwa kadi maalumu yenye picha ya mwanamke mzungu aliyevaa rangi za kukolea. Mafundi waliziita kadi za Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Wa wengine ulitoka utakavyotoka. Lorna Roth, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, alikichambua kisa hicho mwaka 2009, na jambo linalochoma zaidi ni lile alilosimuliwa na watu wa Kodak: waliosukuma filamu iboreshwe kwenye rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wauza samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani pichani. Ngozi za watu hazikuwa zimetosha kuwa sababu.

Sasa filamu hatuna tena, na kamera za leo zinaisoma ngozi nyeusi kwa undani ambao mafundi wa zamani wangeuonea wivu. Taarifa ipo ndani ya faili. Anayeifuta ni sisi, mezani kwetu, kwa skrini ambayo haiwezi kuionyesha. Ndiyo maana siwezi kulichukulia suala la monita kama jambo la wapenda vifaa.

Nianze na kile kilichomo ndani ya laptopu nyingi za bei ya chini. Karatasi ya maelezo mara nyingi huandika "45% NTSC", maandishi madogo ambayo muuzaji hayasomi na mnunuzi hayaulizi. Maana yake ni kwamba skrini hiyo inaonyesha chini kidogo ya theluthi mbili ya rangi za sRGB, kiwango ambacho HP na Microsoft walikipendekeza mwaka 1996 na ambacho mpaka leo ndicho lugha ya kawaida ya intaneti, ya simu nyingi na ya mashine nyingi za kuchapia picha. Kitenge chekundu hapo kinaonekana kimefubaa. Mhariri anaongeza wekundu mpaka kiridhishe macho yake, kisha picha inafika kwenye simu ya mteja kitenge kikiwaka kama taa ya breki na uso wa aliyekivaa umekuwa wa machungwa.

Tatizo la pili ni pembe. Laptopu na monita za zamani zenye paneli ya aina ya TN hubadilika kila unaposogeza kichwa. Jaribu mwenyewe: fungua picha ya uso, shika kioo kwa vidole viwili, kiinamishe nyuma kidogo. Shavu linapauka. Kirudishe mbele, shavu linazama. Sasa niambie, kati ya mashavu hayo mawili, lipi ni lake? Mtu anayehariri saa sita mfululizo hakai wima muda wote. Anajinyoosha, anaegemea, anashika tama, na kila akibadilisha mkao anahariri uso mwingine.

Kwa hiyo sharti la kwanza dukani, kabla ya inchi na kabla ya chapa, ni paneli ya IPS. Hitachi waliitoa mwaka 1996 kwa ajili ya kuponya ugonjwa huo wa pembe, na siku hizi imeshuka bei hadi kwenye monita za kawaida za ofisini. Sharti la pili ni kufunika sRGB yote, au pungufu kidogo sana. La tatu ni kioo kisichong'aa, kwa sababu nyumba na maduka yetu yamejaa jua, na kioo kinachong'aa kitakuonyesha fulana yako mwenyewe katikati ya uso wa bibi harusi. Ukiyapata hayo matatu uko mbali kuliko wengi.

Mengine wanayoyapigia debe wauzaji, mpiga picha anaweza kuyapita. Kasi ya Hz 144 ni ya wacheza gemu. Skrini iliyopinda inamsumbua anayenyoosha mistari ya majengo. "Rangi milioni 16.7" ni hesabu tu ya 256 mara 256 mara 256, karibu kila skrini inaidai, na haikuambii lolote kuhusu rangi hizo ni zipi. OLED ina weusi wa kupendeza mno, lakini ni ghali, na menyu za Photoshop zinazokaa mahali pamoja siku nzima zinaweza kuacha alama ya kudumu kwenye kioo. Kwa ukubwa, inchi 24 zinatosha kazi. Inchi 27 zenye pikseli 2560 kwa 1440 ndizo ningemshauri anayeishi kwa kazi hii, kwa kuwa unaona picha nzima kwa ukubwa wa heshima bila kuilemea kompyuta yako.

Kuna swali moja ambalo wengi huliruka, nalo ni la skrini za rangi pana, zile zinazofunika Adobe RGB, kiwango cha mwaka 1998. Ziada yake iko hasa kwenye kijani na samawati. Anayepiga bahari ya Nungwi kisha akachapa picha kubwa za ukutani kwa printa ya wino ataiona faida hiyo kwa macho. Anayepiga harusi na kupeleka labu ya kawaida haioni, na anaweza kuumia: programu zisizosimamia rangi zitamwonyesha kila kitu kimekolea kupita kiasi, naye atapunguza rangi zilizokuwa sahihi. Kama monita yako ni ya aina hiyo na kazi yako ni ya sRGB, ingia kwenye menyu yake, chagua hali ya sRGB, uiache hapo.

Najua jibu ninalopewa kila nikifika hapa. "Wateja wanaangalia kwenye simu, na kila simu ina rangi yake. Usahihi wa nini?" Swali hilo linastahili jibu la haki, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Simu zinatofautiana kweli: moja ina unjano, nyingine ina ubuluu, ya tatu inakoleza kila kitu. Lakini zinatofautiana kuzunguka katikati moja. Picha iliyotoka katikati ikifika kwenye simu yenye unjano itakuwa ya njano kidogo, na mwenye simu hiyo ameshazoea, picha zote anaziona hivyo. Picha iliyotoka kwako tayari ikiwa ya njano itafika kwake ya njano maradufu, na hapo ndipo anaposema mpiga picha ameharibu. Huwezi kuzisahihisha simu za watu. Unachoweza ni kutokuongeza kosa lako juu ya makosa yao. Zaidi ya hapo, simu hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Albamu inakaa kabatini na wajukuu wataifungua.

Pesa, basi. Lenzi mpya ya zumu ya f/2.8 kutoka kwa kampuni kubwa, ile inayotamaniwa na kila mmoja, hununua monita nzuri ya IPS pamoja na kifaa chake cha kupimia rangi, na chenji ikabaki. Simkatazi mtu lenzi. Ninachosema ni kwamba lenzi itamsaidia katika baadhi ya picha, ilhali skrini inapitiwa na picha zote, za nyuma na za mbele.

Na kwa wengi wetu njia ya busara ni mtumba. Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi kuna monita zilizotumika maofisini ng'ambo: Dell UltraSharp, HP za mfululizo wa Z, hata EIZO mara mojamoja. Nyingi zina paneli za IPS na zilifanya kazi ya kuonyesha majedwali ya hesabu tu. Nenda mchana, usiende na haraka, na chukua flashi yenye picha zako mwenyewe. Weka ya kijivu tupu iliyojaa skrini nzima. Weka ya ngazi zinazopanda taratibu kutoka weusi hadi weupe. Weka na uso wa mtu unayemfahamu, ikiwezekana aliyefuatana nawe.

Kwenye kijivu, tazama pembe nne za kioo. Taa ya nyuma iliyochoka hujitangaza hapo: kona moja ya njano, nyingine na weusi, katikati kumeng'aa. Tofauti ndogo utaivumilia, baka hutalivumilia. Kwenye ngazi, tafuta michirizi na mahali weusi unapoanza kutofautiana. Kwenye uso, simama kushoto, simama kulia, chuchumaa. EIZO huandika kwenye menyu yake saa ilizowaka tangu itoke kiwandani, mwombe muuzaji akuonyeshe. Zenye taa za mirija nyembamba, teknolojia iliyotangulia LED, ziache hata kwa bei ya kutupwa, kwani zinafifia na kugeuka njano kadiri zinavyozeeka. Kagua pia matundu ya nyaya. Ukikuta tundu la VGA pekee, huo ni mfumo wa zamani unaopunguza ukali wa picha. Unataka HDMI au DisplayPort. Ukitumia HDMI fungua mipangilio ya kadi ya picha, kwa kuwa baadhi huichukulia monita kama televisheni na kuipelekea ngazi za 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Weusi hugeuka jivu, na mwenye monita hulaumu monita.

Wenye MacBook za miaka ya karibuni wana kioo kizuri tangu kiwandani, ila wakumbuke kuzima True Tone na Night Shift, vipengele vinavyobadilisha rangi ya kioo vyenyewe, kabla ya kugusa rangi. Wa Windows wana taa yao ya usiku, nayo ni ya kuzimwa. Nimeshuhudia kazi nzima ikihaririwa chini ya unjano wa taa hiyo, na asubuhi kila gauni jeupe likawa limeingia ubuluu.

Hata hivyo monita iliyonunuliwa kwa umakini bado haijawa sahihi. Zinatoka kiwandani zikiwa na mwanga mkali, mara nyingi kandela 250 hadi 350 kwa kila mita ya mraba, ili zivutie dukani. Kuhariri picha za kuchapa kunataka kandela 100 hadi 120. Huu ndio mzizi wa lalamiko linalosikika kila labu, kwamba picha zimetoka nyeusi. Mashine haina kosa. Mhariri aliiona picha kwenye kioo kilichowaka mara mbili au tatu ya inavyotakiwa, akaipunguza mwanga, kisha ikapelekwa kwenye karatasi, ambayo haina mwanga wa kwake.

Dawa ni kifaa cha kupimia rangi. Kinatoshea kiganjani, kinaning'inia mbele ya kioo kwa waya wake, kimelala bapa kwenye skrini. Programu yake inarusha rangi moja baada ya nyingine chini yake, nyekundu, kijani, bluu, kijivu cha kila daraja, nacho kinaandika kilichoonekana kweli. Dakika chache baadaye kompyuta inajua skrini yake inakosea wapi na kwa kiasi gani, na inafidia. Malengo ni yale yale popote: weupe wa D65, yaani kama kelvini 6500, gama ya 2.2, mwanga wa kandela 120 au chini. Bonyeza kitufe cha kulinganisha kabla na baada, utaona kijivu ulichokuwa unakiamini kilikuwa na rangi ya waridi. Rudia kila mwezi au miwili, maana skrini huzeeka. Kati ya monita ya kawaida ya IPS iliyopimwa na ya kifahari ambayo haijapimwa, mimi naichukua iliyopimwa, bila kusita.

Kifaa hiki si lazima kila mtu awe nacho. Kinatumika dakika chache kwa mwezi, siku nyingine zote kimelala kabatini. Kikundi cha wapiga picha wanane kinaweza kununua kimoja kwa mchango na kukizungusha. Vyama vya wapiga picha vya miji yetu huchangishana kwa misiba, kwa safari, kwa sare za njano na nyeusi. Vichangishane na kwa hili. Vyuo vinavyofundisha upigaji picha na uandishi wa habari havina udhuru kabisa: mwanafunzi anayehitimu bila kuwahi kuona skrini iliyopimwa amefundishwa nusu ya kazi. Madawati ya picha ya magazeti yetu pia, ambako picha ya rais na ya mama muuza samaki hupita kwenye kompyuta moja na zote hutoka na uso wa udongo.

Kuhusu chumba nisiseme mengi. Geuza meza ili dirisha lisiwe mbele wala nyuma yako, weka pazia zito, na kama ukuta ulio nyuma ya monita umepakwa kijani cha mnazi au bluu ya bahari, upake kijivu au nyeupe iliyofifia, kwa kuwa jicho huvuta rangi za jirani. Umeme wa kupanda na kushuka unaua taa za nyuma za monita, hivyo stabilaiza si anasa.

Ukishapima, chagua picha moja yenye uso mweusi, kitambaa cheupe na kivuli kizito, uipeleke labu unayoitumia siku zote. Waombe waichape bila marekebisho yoyote ya mashine, maana wengi hurekebisha bila kuulizwa. Irudishe nyumbani, iweke kando ya skrini, itazame kwa mwanga wa mchana unaoingia pembeni, jua lisiigonge. Karatasi ikiwa nyeusi kuliko kioo, punguza mwanga wa monita, upime upya, na faili usiiguse. Sura ikikubaliana lakini vivuli vimefunga, zungumza na fundi wa labu kuhusu karatasi anayotumia, kwani ya mati hufunga vivuli kuliko ya kung'aa. Picha hiyo ibandike ukutani juu ya meza. Kila mwezi baada ya kupima, fungua faili yake uilinganishe nayo kabla hujaanza kazi ya mtu mwingine.